Mvunja Fedha wa Namanga na Kijana wa Kitengela

Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria ya kuwasimamia watoaji wa huduma za sarafu za kidijitali, na tarehe 4 Novemba sheria hiyo ikaanza kutumika, ikizikabidhi Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni, kukagua na kuadhibu. Tangu hapo, hapa Kitengela, katika hoteli za chai zilizopakana na barabara kuu iendayo Namanga, ni nadra mtu kuketi bila ya kusikia mjadala wake, hawa wakisema kwamba serikali imewatambua vijana hatimaye, wale wakisema kwamba serikali haimtambui mtu ila pale inapotaka kumtoza. Katika mijadala hiyo limezuka neno moja ambalo husemwa kwa wepesi kana kwamba halihitaji ithibati, nalo ni kwamba jirani zetu wa Tanzania wako nyuma yetu kwa miaka mingi katika biashara hii, ama kwa woga ama kwa kutojua. Mimi sijapata kumiliki hata chembe ya Bitcoin, lakini riziki yangu yote imetoka katika kazi za mpakani na katika kupokea na kutoa fedha za watu, na neno hilo silikubali. Na kwa kuwa sababu zangu haziwezi kuelezwa kwa ubishi wa mezani, nimeona afadhali nisimulie niliyoyaona, moja baada ya jingine, msomaji apime mwenyewe.

Nilifika Namanga, penye mpaka wa Kenya na Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Mombasa niliyezoea upepo wa bahari, nikaajiriwa ukarani na wakala mmoja wa forodha ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati chini ya mlima wa Ol Doinyo Orok. Kazi yangu ilikuwa kujaza hati za shehena na kufuatana na madereva kutoka dirisha hili hadi lile, nayo ilinipa wasaa mwingi wa kutazama watu. Makarani wakongwe niliowakuta walipenda kusimulia zama ambazo shilingi ilikuwa moja, ile iliyotolewa tangu 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ikapokewa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam bila ya mwenye nayo kuulizwa neno, hata ilipofika 1966 kila nchi ikajitolea noti zake, nazo mwanzoni zikalingana thamani, kisha zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Walisimulia pia jinsi mpaka ulivyofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, usifunguliwe tena mpaka Novemba 1983. Na kwamba katika muda wote huo kazi ya kuvunja fedha haikukoma, ila iliacha barabara ikaingia porini, mikononi mwa wafugaji wenye ndugu Longido na ndugu Bissil, ambao kwao mpaka ulikuwa ni mstari uliochorwa na watu wengine kwa haja zao wenyewe.

Nilipofika mimi mambo yalikuwa yakilegea. Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha kwa sheria ya 1992, na Kenya ikafuata 1995, mwaka ambao sheria yetu ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa. Walakini pale mpakani mtu aliyetawala alikuwa ni yule wa koti refu na mabunda mawili, la huku na la kule, ambaye bei yake ya asubuhi haikuwa bei yake ya alasiri. Vitunguu vya Mang'ola vilipovuka kwa wingi kuja soko la Nairobi, wanunuzi wetu walizitaka shilingi za Tanzania, nazo zikapanda. Wafanyabiashara wa Arusha walipokuja kuchukua sabuni na vyombo vya plastiki, zikapanda za kwetu. Hapakuwa na ubao wala redio iliyotangaza bei hizo, na hata hivyo watu wote wa pale walizijua, na mgeni aliyetajiwa bei ya uongo aliihisi upesi kwa namna wasikilizaji wengine walivyogeuza nyuso zao.

Nilichokigundua hapo, na ambacho sikukitia maanani mpaka miaka mingi baadaye, ni kwamba wavunja fedha wa pande mbili hawakuwa na mwenendo mmoja. Wa upande wetu walikimbilia madirisha ya mabasi kabla hayajasimama, wakapaaza sauti, wakatia na kutoa noti mbele ya macho ya askari, na kwao abiria asiyejulikana alikuwa ndiye mteja bora kuliko wote, kwa kuwa hakujua bei. Wa upande wa pili walikaa. Ulimkuta mmoja ameketi penye kivuli nje ya duka la nguo, ukamwamkia, akakuuliza unatoka wapi na ni nani aliyekuelekeza kwake, na lau hukuwa na jina la kumtajia alikujibu kwa upole kwamba leo hana kitu. Mara moja nilimletea dereva mgeni, akamkatalia mbele yangu, kisha akanivuta kando akaniambia, "Wewe nakujua, yeye simjui, nikupe wewe, umpe mwenyewe." Fedha zikapita mkononi mwangu, na kwa kupita hivyo nikawa mimi ndiye mdhamini.

Wakati ule nilidhani ni tofauti ya tabia tu. Baadaye nilipata kuelewa kwamba ilikuwa ni kumbukumbu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, aliongoza kampeni ya kuwasaka waliokuja kuitwa wahujumu uchumi, na miongoni mwa makosa yaliyomtia mtu matatani ni kukutwa na fedha za kigeni. Yule mzee wa kivulini alikuwa mtu mzima katika siku hizo, na bila shaka aliwajua waliochukuliwa. Kenya nayo ilikuwa na udhibiti wake, lakini kwetu aghalabu mkono wa serikali uliweza kushikwa ukatikiswa, ukaachia. Mtu aliyeishi mahali ambapo serikali iko karibu na mfuko wake hujifunza kuchagua wa kufanya naye biashara. Mtu aliyeishi mahali ambapo serikali iko mbali hujifunza kuchagua bei.

Niliacha ukarani, nikanunua kiwanja Kitengela wakati ambapo pundamilia walikuwa wakionekana kutoka mlangoni, na mwaka mmoja au miwili baada ya M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma fedha kwa simu, kuanzishwa Machi 2007 nikafungua duka la uwakala. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje la Athi River, ambao kila mwisho wa mwezi walijipanga kupeleka chochote Kisii, Kitui na Busia. Wafugaji walichelewa. Namkumbuka mzee mmoja wa Kajiado, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyeniambia kwamba fedha isiyoweza kuhesabiwa kwa kidole gumba si fedha, akaondoka na noti zake amezifunga ndani ya shuka. Kitambo si kirefu baadaye alirudi, akanionyesha simu: alikuwa ameuza fahali wawili kwa mchinjaji wa Nairobi ambaye hakupata kumwona kabla ya siku ile, na hakutazamia kumwona tena, naye alikuwa amemruhusu apakie wanyama na kwenda zake kwa sababu ya ujumbe wa maneno yasiyozidi mistari mitatu wenye jina, kiasi na saa. Hakutaka kutoa fedha. Alitaka nimsomee tu, kisha nimsomee tena.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi, kwa kuwa naona hapo ndipo Mkenya alipopata desturi yake mpya. Watu hudhani kwamba M-Pesa ilitufundisha kutuma fedha. Kutuma fedha tulikuwa tukijua tangu zamani, kwa madereva wa mabasi, kwa posta, na kwa hawala za jamaa zetu wa Eastleigh. Ilichotufundisha ni kumsadiki mtu tusiyemjua kwa ushahidi wa ujumbe. Wala chombo chenyewe si cha Kenya peke yake, maana Vodacom iliipeleka M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Tofauti ni kwamba kule soko liligawanywa baina ya Vodacom, Tigo, Airtel na baadaye Halotel, kila mmoja na namba zake na mawakala wake, ilhali kwetu karibu kila mtu aliingia katika mtandao mmoja, kwa hiyo ujumbe wa mtandao huo ukawa kama muhuri unaotambuliwa nchi nzima. Mwaka 2015 makampuni ya pande mbili yaliunganisha huduma hiyo ili fedha zivuke mpaka kwa simu, na hata hivyo kila nikipita Namanga nawaona wafanyabiashara na laini mbili, moja ya huku na moja ya kule, na mvunja fedha yuko palepale, ila siku hizi bunda lake moja limo ndani ya simu.

Mwaka uo huo wa 2015 ndipo nilipolisikia neno Bitcoin kwa mara ya kwanza, katika habari za kesi: kampuni ya BitPesa, pamoja na mshirika wake Lipisha, ilikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba Safaricom imewakatia huduma, na mahakama ikakataa kutoa amri ya muda ya kuwarudishia. Mwezi wa Desemba Benki Kuu ikatoa tangazo la kuwahadharisha wananchi. Nilisoma, nikakunja gazeti. Sikuona kwamba lilinihusu, nami nafikiri mawakala wote wa Kitengela waliona hivyo hivyo.

Lilikuja kunihusu wakati wa korona, kwa mlango wa nyuma, yaani kwa kijana aliyekodi pembe ya duka langu ili awe na meza na umeme. Alikuwa amehitimu chuo kikuu, hana kazi, akijipatia posho kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi ambayo sikumficha maoni yangu juu yake. Na waliompa kazi hiyo walianza kumlipa kwa USDT, sarafu ambayo thamani yake imefungwa na dola moja ya Marekani. Muda si mrefu akaacha insha, akawa anauza na kununua sarafu hiyo kwa watu wengine, na kwa kuwa nilikuwa nikimpa floti ya kutosha na yeye alikuwa mtu wa maneno mengi, nilijifunza kazi yake bila ya kuikusudia.

Mambo yalikwenda hivi. Katika soko la mtandaoni mtu aliyetaka kununua alichagua tangazo la kijana wangu. Sarafu zikazuiwa na soko lenyewe, zisiwe za muuzaji wala za mnunuzi. Mnunuzi akatuma shilingi kwa M-Pesa. Kijana akithibitisha kuwa zimeingia, sarafu zikaachiliwa. Jambo lote lilikwisha kabla chai haijapoa. Kwa kuwa muamala mmoja wa M-Pesa wakati huo haukuweza kuvuka shilingi 150,000, biashara kubwa zilikatwa vipande. Nikamuuliza siku moja anajuaje kwamba mtu wa upande wa pili ni mwema. "Simjui, mzee, na sina haja ya kumjua," akanijibu. "Jina la kwenye akaunti likilingana na jina la kwenye ujumbe, tumemalizana." Nilimtazama nikamwona yule mzee wa ng'ombe.

Alijivunia sana ripoti ya kampuni ya Chainalysis ya mwaka 2021, iliyoiweka Kenya nafasi ya tano duniani katika kuzipokea sarafu hizi na nafasi ya kwanza katika biashara ya mtu kwa mtu. Akaibandika ukutani juu ya meza yake. Mimi nilimwonyesha, katika orodha ile ile, kwamba Tanzania ilikuwa ya kumi na tisa, juu ya nchi nyingi zenye utajiri mkubwa, ijapokuwa benki kuu yake ilikwisha kutangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizo haziruhusiwi nchini. Hakulipenda swali langu la ni vipi nchi iliyokatazwa inafika hapo. Akasema labda wamekosea hesabu.

Desturi ya kusadiki ujumbe ina mtihani wake. Asubuhi moja alikuja mezani pake mtu nadhifu, akanunua USDT za kiasi kizuri, na ujumbe ukaingia katika simu ya kijana, wenye jina, kiasi, saa na maneno yote kama yanavyokuwa. Kijana akawa ameshanyanyua kidole kuachilia. Mimi niliyekaa nyuma ya kaunta miaka mingi nilijua kwamba ujumbe wa kweli hauji kutoka namba ya kawaida, nikamwambia, "Mwanangu, usisome ujumbe, soma salio." Salio lilikuwa lile lile la jana. Mtu nadhifu akaondoka bila ya haraka, kana kwamba amekumbuka shughuli nyingine. Tangu siku hiyo kijana akawa hathibitishi ila kwa salio, akawa hapokei malipo ya mtu kumlipia mwingine, na akaweka akiba kwa ajili ya wale wanaolipa kweli kisha wakapiga simu kuomba muamala urudishwe. Naona ni haki kusema kwamba wafanyabiashara wetu wamekuwa hodari katika hila hizi kwa sababu wameumwa nazo, na kwamba uhodari huo ni gharama ambayo haimo katika ripoti yoyote.

Katika miaka hiyo hiyo nilikuwa nikienda Arusha mara kwa mara, kwa kuwa binti wa dada yangu ameolewa huko na mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki. Novemba 2018 maafisa wa Benki Kuu ya Tanzania, wakisaidiwa na askari wa jeshi, waliyakagua kwa ghafla maduka ya kubadilisha fedha ya mji huo, na miezi michache baadaye wakafanya hivyo hivyo Dar es Salaam; mengi yakafungwa, kazi ikabaki kwa mabenki. Safari yangu iliyofuata nilikuta milango niliyoizoea ina makufuli, nikapanga foleni benki, pasipoti mkononi, ili nibadilishe fedha ambazo zamani ningezibadilisha baina ya teksi na mlango wa hoteli. Sisemi kwamba serikali ile haikuwa na sababu zake. Ilisema kuna utakatishaji wa fedha, na anayejua maduka yale hakuweza kuapa kuwa hakuna. Nasema tu kwamba yule mzee wa kivulini wa Namanga, kama alikuwa hai, hakushangaa.

Mume wa mpwa wangu aliagiza bidhaa zake Guangzhou, na dola za benki zilikuwa adimu. Akanichukua tuandamane kwenda kwa mtu wake. Hapakuwa na tangazo la mtandaoni. Palikuwa na chumba nyuma ya stoo, na mwenyeji wa makamo aliyeniamkia shikamoo, akaagiza chai na vitumbua, akauliza habari za Mombasa, akataka kujua kama ninahusiana na fulani wa Tanga, nami nikamwambia ndiyo, kwa upande wa mama. Na muda wote huo neno dola wala neno sarafu halikutajwa. Chai ilipokwisha mume wa mpwa wangu akataja kiasi, mwenyeji akataja bei, wakapeana mikono, na yule mwenyeji akabonyeza simu yake mara chache: USDT zikaenda moja kwa moja kwa wakala wa muuzaji wa China. Shilingi hazikulipwa siku ile. Zingelipwa Ijumaa.

Njiani nilimuuliza, "Na usipolipa Ijumaa?"

"Mjomba, nitakwenda wapi?" akanijibu, akicheka. "Aliyenipeleka kwake ni baba yangu mdogo. Nisipolipa mimi, atadaiwa yeye, na nisije nikatia mguu nyumbani."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilichokiona si mwanzo mchanga wa jambo ambalo Kenya imelikamilisha, bali ni hawala ile ile ya pwani, ya kuaminiana kwa ukoo na kwa jina, iliyopata chombo kipya cha kuvukia bahari. Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza Juni 2021, aliitaka Benki Kuu ianze kujitayarisha kwa ajili ya sarafu hizi, na watu wengi walidhani mlango utafunguka. Lakini mwezi uliofuata ikaanza tozo ya miamala ya simu, ambayo ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kabla ya kupunguzwa, na yeyote aliyekuwa akifikiria kuhamia katika njia ya Kenya, ya shilingi kupita simu hadi simu kwa mtu usiyemjua, alipigiwa hesabu na tozo hiyo akarudi kwenye noti na chai. Machi 2025 zikaja kanuni za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Kila hatua ya namna hiyo, kwa jinsi niionavyo, humfanya mtu wa kule amtafute anayemjua.

Niliporudi nikamsimulia kijana wangu. "Hao bado wako nyuma, mzee," akasema. Nilimuuliza kama amepata kuuziwa kwa mkopo wa hadi Ijumaa na mtu yeyote katika soko lake la mtandaoni. Akanyamaza. Lakini insafu yataka niseme na upande wa pili: ile chai ya Arusha haimkaribishi asiye na baba mdogo. Kijana maskini aliyehamia mjini bila ya ukoo, hata awe mwaminifu kiasi gani, hapati kuingia katika chumba kile. Hapa Kitengela angeanza leo kwa shilingi elfu tano na simu ya mkopo. Tena mtu wa kati akifariki au akatoroka, madai yote hufa naye, kwa kuwa hakuna daftari wala salio la kusomwa, na mahakama haiwezi kuendewa kwa biashara ambayo benki kuu imeikataza.

Jirani yetu mwingine, Uganda, sina tajriba nayo ya macho, ila nilifuatia magazetini jinsi benki kuu yake ilivyoyaamuru makampuni ya malipo Aprili 2022 yasiwe daraja la sarafu hizi, na wakili Silver Kayondo akashindwa alipolipinga agizo hilo mahakamani mwaka uliofuata. Huko serikali haikumkataza mtu. Ilikata daraja baina ya simu na sarafu.

Kisha, hapa Kenya, ikaja Worldcoin, ambayo siwezi kuiacha kwa sababu ilinionyesha hasa Mkenya anazitakia nini sarafu hizi. Mwishoni mwa Julai 2023 watu walijipanga katika jumba la KICC Nairobi kupigwa picha za mboni za macho, wapewe sarafu za thamani ya shilingi zipatazo 7,000. Binti aliyekuwa mpangaji wangu alidamka akapanda matatu, akarudi jioni amechoka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kijana wangu, akaziuza zote, akanilipa kodi. Tarehe 2 Agosti serikali ikaisimamisha shughuli ile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za macho zifutwe. Binti mwenyewe hakufuatilia lolote kati ya hayo. Kati ya wateja wote waliopita mbele yangu, sikumbuki aliyeweka sarafu hizi kama mtu awekavyo dhahabu. Zilikuwa ni njia ya kupita kuelekea kwenye shilingi, na wa Arusha nao walizitumia kama njia, ila wao walipita kwa upande wa pili, kutoka kwenye shilingi kwenda kwenye mali.

Watunga kodi wa Kenya na Tanzania hawakuyaona haya. Kenya iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya thamani ya kila sarafu ihamishwayo kuanzia Septemba 2023, na kwa mtu kama kijana wangu, ambaye faida yake katika kila mia haikufika hiyo tatu, kodi hiyo haikulipika ila kwa kuacha kazi au kwa kujificha, akajificha, akahamia katika makundi ya WhatsApp, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimuuliza mteja, "Umeelekezwa na nani?" Nilicheka peke yangu. Kodi ile ikafutwa Julai 2025, ikawekwa badala yake asilimia 10 ya ada anayotoza mtoa huduma, nayo ina afadhali. Tanzania nayo iliweka asilimia 3 yake Julai 2024, ikawa inataka fungu katika malipo ya kitu ambacho tangazo la 2019 linasema hakiruhusiwi.

Tukirudi kwenye sheria yetu mpya, naona imeandikwa na watu waliokusudia mema, ila wamemfikiria mtoa huduma mwenye kampuni, wakurugenzi na ofisi, na hapana shaka wako wa namna hiyo Nairobi. Kijana wangu hana wakurugenzi. Yeye na wenziwe ndio waliotupa ile nafasi ya kwanza katika biashara ya mtu kwa mtu, na kanuni zitakazoandikwa zikiwa nzito mno kwao, watafanya yale waliyofanya wakati wa kodi ya asilimia 3, yaani watakaa kivulini na kuuliza majina, na soko la Kenya litafanana na la Arusha bighairi ya kuwa na ukoo wa kulidhamini. Mwezi wa Novemba 2025 wasimamizi wote wawili, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, walitangaza kwa pamoja kwamba hawajampa mtu yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Basi wangali na nafasi. Nawaomba, kabla ya kanuni kukamilishwa, wasiishie kuwasikiliza mawakili wa Nairobi, bali waje kwa barabara hii hii kupitia Isinya, Kajiado na Bissil mpaka Namanga, asubuhi wakae upande wetu na alasiri wakae upande wa pili, wawaulize wavunja fedha ni nani wanayemwamini na kwa sababu gani, na majibu hayo wayatie katika kanuni.